Vinyago vya Mwenge na kinamasi cha Essex: gemu letu lilivyofurika hela

Tuligundua siku ya nne, na hata hapo si sisi tuliogundua. Mchezaji mgeni, mwanafunzi, alituandikia kuuliza kama ngalawa imepanda bei au ni macho yake. Wiki nzima ngalawa ilikuwa ikiuzwa kauri 3,000 kwenye mnada wa wachezaji. Jumatatu asubuhi ilikuwa 40,000, na chini yake mtu ameshaandika: "Nachukua mbili."

Nieleze kwanza gemu lenyewe. Tuko watatu, tunaishi Sinza na Kijitonyama, na gemu letu ni la maandishi matupu, linachezwa kupitia boti ya Telegram, yaani programu inayojibu ujumbe yenyewe. Unaandika "nenda Ferry", boti inakujibu kwamba umefika Ferry, samaki wananuka, na watu wawili wako hapo tayari. Watu hao ni wachezaji kama wewe, mmoja yuko Tandika kitandani, mwingine yuko kwenye mwendokasi anaelekea kazini. Unachagua uwe mvuvi, mchuuzi, fundi, mganga au mgambo, unapanda levo, na ukivuka na pantoni usiku kwenda Kigamboni unaweza kukutana na jini. Picha hatukuweka kwa sababu ya bando: maandishi hayali kitu. Wachezaji wa kila siku ni kama sitini, wengi tunajuana au tunajuana na anayewajua. Hela ya gemu tuliiita kauri, kwa kuwa Afrika Mashariki kauri ziliwahi kuwa hela kweli.

Sasa kosa. Mwenge tuliweka duka la vinyago, na kinyago cha mpingo kiliuzwa kauri 80. Bandarini tuliweka tajiri wa melini, mhusika anayeendeshwa na kompyuta, ambaye hununua kinyago kwa 65. Bei hiyo ilimlenga fundi aliyechonga mwenyewe. Anayenunua Mwenge na kwenda kuuza bandarini angepata hasara, na ndivyo tulivyotaka. Wiki ya Idi mwenzetu mmoja aliweka punguzo la nusu bei pale Mwenge. Idi ikaisha, punguzo likabaki.

Kinyago kikawa 40 Mwenge na 65 bandarini. Mfuko mmoja hubeba vinyago kumi. Kwenda na kurudi ni dakika tano, na daladala tuliifanya ya bure, jambo ambalo Dar halijawahi kutokea. Wachezaji wanne waliona mchongo Ijumaa usiku. Wakagawana zamu, wakalala kwa kupokezana, na hadi Jumatatu kunakucha kila mmoja alikuwa amefanya safari karibu mia tatu. Kabla ya hapo kauri zote zilizokuwa mikononi mwa wachezaji zilikuwa kama 90,000. Nilipozijumlisha Jumatatu zilikaribia 380,000. Tajiri wetu alikuwa amenunua vinyago zaidi ya 11,000, na hakuuliza atavipakia wapi.

Usiku ule tulibishana hadi simu zikaisha chaji. Mwenzetu wa kwanza alitaka seva irudishwe kwenye nakala ya Alhamisi, yaani siku zote nne zifutwe. Wa pili, yule yule wa punguzo, alitaka wanne wale wafungiwe akaunti, aliwaita walanguzi. Mimi nilikuwa upande wa kufuta. Nakiri hilo kwa sababu baadaye watu wamenisifu kwa uamuzi ambao mwanzoni nilikuwa naupinga.

Kilichonifanya nisite ni kwamba kisa hiki nilikuwa nimekisoma. Kilitokea mwaka 1986 au hapo karibu, Marekani, katika gemu lililoitwa Habitat.

Habitat lilitengenezwa na Chip Morningstar na Randy Farmer, kwenye kampuni ya Lucasfilm. Lilichezwa kwenye kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64, kwa laini ya simu, kupitia huduma ya Quantum Link, ambayo baadaye iligeuka kuwa AOL, kampuni kubwa ya intaneti. Lilikuwa na michoro: kila mtu ana kikaragosi chake kinachotembea mitaani, kinaongea, kinanunua vitu, kinaoa. Kila mgeni alipewa tokeni 2,000 za kuanzia, na kila siku aliyoingia alipata nyingine 100. Vitu viliuzwa na mashine zilizoitwa Vendroid, na waliozitengeneza waliamua kila mashine iwe na bei yake, ili mji uwe na ladha kidogo: hapa rahisi, pale ghali. Pembeni kulikuwa na mashine ya rehani iliyonunua vitu kutoka kwa wakazi.

Mnaona tunakoelekea. Mwanasesere aliuzwa tokeni 75 kwenye mashine moja, na mashine ya rehani upande wa pili wa mji ilimnunua kwa 100. Tufe la kioo liliuzwa 18,000, rehani likachukuliwa kwa 30,000. Watu wachache wakaona. Usiku mmoja walichukua akiba yao yote wakanunua wanasesere, wakavuka mji, wakauza, wakarudi, saa baada ya saa, mpaka wakafikisha mtaji wa tufe moja la kioo. Kutoka hapo wakahamia kwenye matufe. Kulipokucha walikuwepo angalau watu watatu wenye malaki ya tokeni kila mmoja, na hela yote ya mji ilikuwa imeongezeka mara tano kwa usiku mmoja.

Watengenezaji wa Habitat waligundua asubuhi iliyofuata, kwa sababu walikuwa na ripoti ya kila siku inayoonyesha jumla ya hela. Mwaka 1986! Sisi, na simu zetu zote, tulisubiri siku nne na mwanafunzi.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kilichonikalia kichwani. Walipowauliza matajiri wale wapya hela zimetoka wapi, walijibiwa kwamba zimepatikana kihalali na kwamba siri haitolewi. Ikabidi wabembeleze sana. Bei zikarekebishwa, lakini hela wakaachiwa wenyewe. Matajiri wale wakazitumia kuandaa michezo ya kusaka hazina na zawadi zake kwa wakazi wengine, kwa akili yao, bila kuombwa na mtu.

Niliwasomea wenzangu habari hiyo. Yule wa kufungia akaunti akasema Wamarekani wa 1986 hawakuwa na wabongo kwenye seva yao. Hoja hiyo sikuwa na jibu lake, kwa hiyo tukakubaliana twende tukawaulize wahusika.

Kinara wa wale wanne ni dada mmoja anayeuza mitumba Karume. Tulimkuta asubuhi belo limefunguliwa nusu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nyie ndio wenye gemu? Mbona wadogo hivi? Haya, shika hapa," akampa mwenzangu ncha ya turubai avute.

"Dada, tumekuja kwa habari ya vinyago."

"Ehe. Mmeshaziba?"

"Bado."

"Sasa hapa mnafanya nini, si mngeziba kwanza?"

Kweli, punguzo lilikuwa bado linaendelea. Mwenzangu akalitoa pale pale kwa simu, mkono mmoja umeshika turubai.

Dada akaendelea, hakukasirika. "Kwani bei nilipanga mimi? Blauzi hii nainunua hapa elfu mbili, mtu wa Mbezi anaivaa elfu kumi na tano. Kuna aliyekuja kuniita mwizi?"

Mwenzangu hakujizuia. "Lakini dada, ule ni ulanguzi."

Akaacha kukunja nguo. "Mdogo wangu, neno hilo aliitwa baba yangu mwaka 83, kwa katoni nne za sabuni. Tafuta lingine."

Kwa wasioujua mwaka huo: 1983 ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na wengi waliokumbwa walikuwa na bidhaa chache tu uvunguni. Mwenzangu aliomba radhi. Mimi nilikuwa na swali jingine: alijuaje kwamba pale kuna mchongo?

"Bei mbili sikuzishangaa," akasema. "Bei mbili ndizo zinazonilisha. Nilimshangaa tajiri wenu. Kinyago cha kwanza kanipa sitini na tano. Cha mia, sitini na tano. Cha elfu, sitini na tano, na hachoki, na haishiwi. Nikajua hapo hakuna mtu."

Nimesoma maandishi ya wataalamu kadhaa kuhusu uchumi wa magemu. Sijaona aliyeeleza tatizo vizuri kuliko hivyo.

Maana sisi tulikuwa tunapigania tofauti ya bei, na tofauti ya bei si kosa. Mji wowote una bei mbili. Kariakoo yote imejengwa juu ya bei mbili. Kosa lilikuwa mnunuzi asiye na mkoba. Kila alipolipa 65, kauri zilizaliwa pale pale kutoka hewani. Duka la Mwenge lilikuwa linameza 40 kati ya hizo, 25 zinabaki duniani milele. Kwenye gemu letu zima hakukuwa na mahali pengine pa maana pa hela kufia. Nauli bure. Ngalawa haiozi. Panga halivunjiki. Hata bila vinyago tungefika kule kule, kwa mwendo wa kobe, maana kila aliyeingia alipewa kauri 20 kwa siku. Zawadi hiyo tuliinakili kutoka kwenye magemu mengine bila kujiuliza inaishia wapi.

Hapa inabidi nirudi nyuma zaidi ya Habitat, kwa wazee wenyewe. Mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika gemu la maandishi kwenye kompyuta ya PDP-10, na Richard Bartle akalipokea mwaka 1980. Waliliita MUD, kifupi cha Multi-User Dungeon. Magemu mengi ya maandishi yenye watu wengi yamepita mlango huo, letu pia: "nenda kaskazini", "chukua upanga", "nani yupo hapa". Watu wa nje ya chuo waliingia kwa laini ya simu usiku, kompyuta ikiwa haina kazi nyingi. Hazina zilitapakaa kila kona, na lengo lilikuwa kupata pointi hadi uwe mchawi, cheo cha juu kabisa.

Pointi nyingi ulizipataje? Ulichukua hazina, ukaenda nayo kwenye kinamasi, ukaitupa. Basi. Taji la dhahabu linazama matopeni, wewe unapanda. Hazina zikikaribia kwisha, dunia nzima inaanza upya, vitu vinarudi mahali pake, na mchezaji anabaki na pointi zake tu.

Nilipokuwa mdogo zaidi nililiona jambo hilo la kipuuzi. Nani anatupa taji matopeni? Sasa naona ndicho kipande chenye akili kuliko vyote. Hakuna aliyeweza kulimbikiza, kwa hiyo hakuna mgeni aliyekuta kila kitu kimeshachukuliwa. Waliofuata walitaka dunia isiyofutwa, nyumba yako uikute ulivyoiacha, na hilo ni jambo zuri, hata mimi nalitaka. Ila kuanza upya kulipoondoka, kinamasi nacho kikaondoka, na wengi walichelewa kukitafutia mbadala.

Ultima Online ndio mfano mkubwa. Gemu hilo lilitoka Septemba 1997, kazi ya kampuni ya Origin ya Austin, Texas, chini ya Richard Garriott, na Raph Koster akiwa miongoni mwa wabunifu wakuu. Wao hawakuogopa hela kuzidi tu, walijaribu kuifungia dunia nzima kwenye mzunguko mmoja: chuma kina kiasi chake, kikifuliwa upanga kiasi kinapungua, upanga ukiharibika chuma kinarudi. Hesabu safi. Wasichokitegemea ni binadamu na kabati lake. Watu waliweka. Waliweka mashati, ngozi, panga, kila kitu, wakajaza nyumba na visanduku, na kilichowekwa hakirudi kwenye mzunguko, kwa hiyo dunia ikawa haina malighafi ya kuzalishia kipya. Wakalazimika kuufungua mzunguko. Hata wanyama waliopangiwa kulana wenyewe kwa wenyewe, mla nyasi na mla nyama, wachezaji waliwachinja upesi kuliko mpango wowote wa kuzaliana.

(Na kwa anayemcheka mwenzetu kwa kusahau punguzo: Agosti 1997, wakati wa majaribio ya gemu hilo, mhusika wa Garriott mwenyewe, mfalme Lord British, aliuawa hadharani na mchezaji kwa uchawi wa moto. Kinga yake ya kutokufa haikuwa imewashwa tena baada ya seva kuzimwa na kuwashwa. Mwenye dunia kasahau. Mwenzetu alipewa kisa hiki kama dawa na kikamsaidia.)

Upande mwingine wako wale walioacha bomba wazi. Gemu la EverQuest la mwaka 1999, lililochukua mengi kutoka kwa DikuMUD, gemu la maandishi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, lilikuwa na majini yasiyoisha, mengi na sarafu zake. Mwaka 2001 mchumi Edward Castronova alipiga hesabu ya biashara iliyokuwa ikifanyika kati ya hela ya gemu hilo na dola za kweli, akapata kwamba pato la kila mkazi wa nchi hiyo ya kufikirika lilikuwa dola 2,266 kwa mwaka, nchi ya 77 kwa utajiri duniani. Kufika gemu la World of Warcraft, mwaka 2004, vinamasi vilikuwa vimerudi kwa majina mengine: unalipa kutengeneza silaha, unalipa usafiri, na nyumba ya mnada inakata asilimia 5 ya mauzo.

Turudi Sinza. Tulifanya hivi. Hela za wale wanne hatukuzigusa. Tajiri wa melini alipewa mkoba wa kauri 2,000 kwa siku, na kila kinyago anachonunua kinamshushia bei ya kinachofuata kwa kauri moja, mpaka alfajiri anapopata usingizi na kusahau. Daladala ikaanza kudai nauli, kauri 5. Mnada ukaanza kukata ushuru wa asilimia 5. Tulipotangaza tuliandika "kodi", nusu ya wachezaji wakafikiri tunazungumzia kodi za kompyuta, yaani "code", na nusu nyingine wakatukana. Ngalawa zikaanza kuvuja: kila siku kumi lazima zitiwe kalafati, na kalafati inauzwa na duka letu, hela yake inazama.

Hili la mwisho ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Matajiri ndio wenye ngalawa nyingi, kwa hiyo wao ndio wanaolipa zaidi, na hawakulalamika sana, maana ngalawa kuvuja kila mtu wa pwani anakujua. Nauli ilipigiwa kelele wiki mbili. Bei ya ngalawa ilishuka hadi 22,000 mwezi wa kwanza, kisha 9,000. Haijarudi 3,000 na sidhani kama itarudi. Wageni sita waliondoka katika kipindi hicho, akiwemo yule mwanafunzi aliyetuamsha, na hilo bado linaniuma: mwenye haki kuliko wote ndiye aliyelipa.

Ambalo hatukulipanga ni walichofanya wale wanne. Dada wa Karume alianzisha upatu ndani ya gemu. Hapa mjini ukimsikia mama anasema "nacheza mchezo" ujue anazungumzia upatu, kwa hiyo sasa tulikuwa na mchezo ndani ya mchezo. Watu kumi, kila mmoja 1,000 kwa wiki, na wale wanne wakajazia fungu la kila zamu lifike bei ya ngalawa. Wageni walioshindwa kununua wakaanza kupata ngalawa kwa zamu. Hatukuandika hata mstari mmoja wa programu kwa ajili ya hilo. Zilitosha amri mbili zilizokuwepo tangu siku ya kwanza, "mpe" na "sema".

Wiki ya sita, mganga mmoja alipokea fungu lake na hakuonekana tena.

Tulipata ujumbe mfululizo: afungiwe, anyang'anywe, arudishwe. Sheria ya gemu hakuvunja. Habitat nao walifika hapa, watu walipoanza kuibiana na kupigana risasi mitaani. Mkazi mmoja, ambaye maishani ni kasisi wa Kiorthodoksi, alianzisha kanisa ambalo waumini wake hawaruhusiwi kubeba silaha wala kuiba, na wakazi wakapiga kura kumchagua sherifu. Niliwaandikia wachezaji kwamba kama wanataka sherifu wachague, sisi hatutahukumu.

Sherifu hawakumtaka. Walimchagua mjumbe wa nyumba kumi, na si lazima niseme ni nani. Akaamua kwamba kuanzia sasa anayeingia upatu awe na barua ya mjumbe inayosema anakaa wapi ndani ya gemu na nani anamdhamini. Kisha akatutafuta, kwa sauti ya Telegram, nyuma yake Karume inasikika.

"Wadogo zangu, naomba kitu kimoja tu. Muhuri. Barua bila muhuri ni karatasi."

Tukauandika usiku huo huo: kauri 200, ukishanunuliwa hauuzwi tena, haugawiwi, anaushika mjumbe peke yake. Asubuhi akapiga tena kuuliza mbona hauishi wino.

Sasa wino unaisha baada ya mihuri thelathini. Kichupa ni kauri 50, kinauzwa posta.